Mgonjwa Alisema Nini? Mashine za Lugha na Taarifa za Afya

Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa mapema kwamba tatizo lililomleta mgonjwa liandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Sababu yake ni ya msingi: anayeugua ndiye shahidi wa kwanza wa ugonjwa wake, na daktari akiwahi kutafsiri kabla ya kusikiliza anaweza kuupita ugonjwa wenyewe. Afrika Mashariki kanuni hiyo huvunjwa kwenye mstari wa kwanza wa faili, tena bila mtu kukusudia ubaya. Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, faili linaandikwa kwa Kiingereza. Mama anasema, “Dokta, huyu toka juzi mwili wa moto, hanyonyi, na usiku anashtukashtuka.” Kinachobaki kwenye karatasi kinaweza kuwa “HOB 2/7”, kifupi walichokizoea matabibu wa Kenya na Uganda: mwili wa moto, siku mbili. Habari ya kunyonya itaingia kama foleni si ndefu. Kushtukashtuka huenda kusiandikwe kabisa.

Naanzia hapa kwa sababu watafiti wanaofundisha kompyuta kusoma taarifa za afya, kazi inayoitwa uchakataji wa lugha asilia, huanzia mbele zaidi. Wao huanza na faili lililokwisha kuandikwa, na mjadala wao mkubwa ni modeli ipi imepata alama nyingi kuliko nyingine. Mimi naona kwamba kwetu sisi usahihi wa mashine ni swali la pili. Swali la kwanza ni maneno ya nani yameingia kwenye data, na yaliingia katika hali gani. Karibu kila jambo gumu katika fani hii, ukilifuata hadi mwanzo wake, utalikuta limeanzia pale pale kwenye meza ya tabibu au kwenye mkeka wa mfiwa, muda mrefu kabla kompyuta haijawashwa.

Fani yenyewe si changa. Miaka ya 1970 Naomi Sager na wenzake katika Chuo Kikuu cha New York walikuwa tayari wanachambua sarufi ya ripoti za madaktari ili kompyuta izisome. Miaka ya 1990 Carol Friedman, katika Chuo Kikuu cha Columbia, alijenga programu ya MedLEE iliyoanza na ripoti za picha za eksirei ya kifua. Mwaka 2016 ilitoka MIMIC-III, hifadhi ya taarifa za wagonjwa zaidi ya 40,000 waliolazwa katika uangalizi maalumu kwenye hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, pamoja na maelezo yaliyoandikwa na madaktari na wauguzi wao. Tafiti nyingi mno za miaka iliyofuata zimeegemea hifadhi hiyo moja, na modeli maarufu ya mwaka 2019, ClinicalBERT, ilifundishwa kwa maelezo hayo hayo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mashine “imejifunza lugha ya hospitali”, kwa sehemu kubwa anasema imejifunza Kiingereza cha madaktari wa hospitali moja ya Boston. HOB yenye maana ya mwili wa moto haitarajiwi humo.

Tuchukue jambo moja dogo, ukanushi, tuone Kiswahili kinavyoikwaza mashine ya namna hiyo. Mwaka 2001 Wendy Chapman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha njia nyepesi iitwayo NegEx. Madaktari huandika sana dalili ambazo mgonjwa hana, hivyo ilihitajika programu ya kutofautisha dalili iliyopo na iliyokanushwa. NegEx hutafuta maneno ya kukanushia, kisha hutazama ni dalili gani imekaa jirani nayo. Kwa Kiingereza inafanya kazi vizuri kiasi kwamba zaidi ya miaka 20 baadaye bado inatumika. Kwa Kiswahili mara nyingi haina pa kushika. Hakohoi, hajakohoa, hakukohoa: ukanushi umo ndani ya kitenzi, umeshikana na nafsi na wakati, na hakuna neno la pembeni la kuwinda.

Hilo peke yake lina dawa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza miaka ya 1980 kujenga mfumo wa SALAMA, unaoweza kukipasua kitenzi cha Kiswahili kiambishi kwa kiambishi na kueleza kila kimoja kinafanya nini. Ugumu halisi uko ndani zaidi. Katika Kiingereza cha faili, kukanusha kwa kawaida kuna maana kwamba dalili haipo. Katika Kiswahili cha mama anayeeleza hali ya mtoto mchanga, kukanusha mara nyingi ndiyo dalili yenyewe. Hanyonyi. Hakojoi. Hafumbui macho. Hakulia alipozaliwa. Mkunga akisikia “hakulia” mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye pumzi: mtoto huyu alikosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Sasa hatua mojawapo ya kusafisha matini, inayofundishwa katika kozi nyingi za uchakataji, ni kuyarudisha maneno kwenye mizizi yake na kutupa viambishi ili hesabu iwe rahisi. Fanya hivyo, na “alilia” na “hakulia” yote mawili yanakuwa “lia”. Mtoto aliyezaliwa akipiga kelele na mtoto aliyezaliwa kimya wanageuka kuwa kitu kimoja ndani ya jedwali. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mtu alifuata utaratibu, na utaratibu uliandikwa kwa ajili ya lugha nyingine.

Nafsi nayo ina mtego wake. Tuseme msimulizi anaeleza hivi: “Alijifungua salama Jumatatu. Jumatano akaanza homa kali, Ijumaa akafariki.” Nani kafariki? Kiambishi cha nafsi kinamfaa mama na kinamfaa mtoto. Msimulizi anajua, na mhoji aliyekaa naye anajua. Mashine, na hata daktari anayesoma karatasi hiyo ofisini baada ya miezi, wanabaki wakikisia kati ya kifo kitokanacho na uzazi na kifo cha mtoto mchanga. Hizo ni takwimu mbili tofauti, zinaripotiwa mahali tofauti, na fedha zinazozifuata ni tofauti.

Sentensi za namna hiyo ni za kawaida katika mahojiano ya chanzo cha kifo, na ningependa tukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili cha ugonjwa kilipoandikwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Vifo vingi katika nchi zetu hutokea nyumbani, bila daktari wa kuthibitisha sababu. Kwa hiyo mhoji aliyefunzwa huenda kwa familia baada ya siku za matanga kupita, akauliza maswali ya ndiyo na hapana kuhusu ugonjwa wa marehemu, kisha akawaacha wafiwa wasimulie kwa maneno yao tangu ugonjwa ulipoanza hadi mwisho. Tanzania ina historia ya kutosha katika kazi hii. Mwaka 1992 ulianza mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Ifakara ikafuata na mfumo wake wa kufuatilia kaya mwaka 1996, na Rufiji mwaka 1998. Wahoji walizunguka nyumba kwa nyumba, na watu waliofiwa walikubali kuongea na mgeni kuhusu siku mbaya kuliko zote maishani mwao.

Thamani ya simulizi hizo ilidhihirika katika suala la degedege. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba watoto wenye malaria kali wanakufa Pwani na bara kwa sababu wazazi wakiona degedege hawaioni kuwa ni malaria, wanakimbilia kwa mganga wa kienyeji kwanza, na hospitali wanafika wakiwa wamechelewa. Mwaka 2004 Don de Savigny na wenzake walichapisha uchambuzi wa simulizi za vifo vya malaria kutoka Rufiji. Waliifuata njia ya kila mgonjwa hatua kwa hatua, kama familia ilivyoieleza, na wakakuta kwamba wengi walikuwa wametafuta tiba ya kisasa kwanza, hata pale palipokuwa na degedege. Walikwenda, na bado mtoto akafa. Lawama iliyokuwa ikielekezwa kwa mama ikabidi iangaliwe upya, na swali likahamia kwenye kile alichokikuta alipofika. Dodoso la ndiyo na hapana lingetoa idadi ya degedege. Mpangilio wa safari, tiba ipi ilitangulia na ipi ilifuata, ulikuwa ndani ya simulizi.

Pamoja na hayo, programu zinazotumika zaidi kubashiri chanzo cha kifo, kama InterVA iliyoanzishwa na Peter Byass na InSilicoVA iliyokuja baadaye, husoma majibu ya ndiyo na hapana na kuiacha simulizi ilivyo. Zina haki yao: majibu ya aina hiyo yanalinganishika kutoka nchi hadi nchi, na gharama ni ndogo. Mtafiti aliyeishughulikia simulizi yenyewe mapema ni Samuel Danso, ambaye akiwa Chuo Kikuu cha Leeds alizifundisha mashine kuainisha vyanzo vya vifo kwa kutumia simulizi zilizokusanywa nchini Ghana. Kazi yake ilionyesha kwamba maandishi ya mhoji wa kijijini, pamoja na makosa yake ya tahajia na vifupisho vyake, yana habari ambayo kompyuta inaweza kuishika.

Kuna hifadhi moja ya data ambayo karibu kila anayepima programu za kubashiri chanzo cha kifo ameigusa, nayo inaonyesha ninachokililia. Watafiti wa Seattle na washirika wao walikusanya mahojiano zaidi ya 12,000 ya vifo vilivyotokea hospitalini, ambavyo chanzo chake kilikwisha kujulikana kwa vipimo, ili programu za kubashiri zipate pa kupimiwa. Mahojiano yalitoka India, Ufilipino, Mexico na Tanzania, na kwa Tanzania yalikuwa Dar es Salaam na Pemba. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2011, kisha data ikafunguliwa kwa yeyote anayeitaka. Ukiifungua na kutafuta simulizi, huzikuti. Unakuta orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyokatwa miisho, na mbele ya kila neno idadi ya mara lilivyotajwa. Mama wa Pemba aliyesimulia kwa Kipemba chake jinsi mwanawe alivyozidiwa amebaki kuwa tarakimu kwenye safu ya shina la neno la Kiingereza. Sentensi haipo, mpangilio haupo, lugha haipo.

Sababu ya kufanya hivyo naielewa na naiheshimu. Simulizi hutaja majina, vijiji na siri za nyumba, na kuzimwaga hadharani kungekuwa kuwasaliti waliozitoa. Lakini gharama yake isifichwe. Mtafiti kijana wa Zanzibar anayetaka kujua watu wake wanaelezaje upungufu wa damu au kifafa cha mimba anaanza bila kitu, wakati walioyasema maneno hayo walikwisha kuyasema, na mtu alikwisha kuyaandika.

Hifadhi hiyo hiyo ilitoa fundisho lingine linalohusu mashine moja kwa moja. Watafiti walipopima programu mara mbili, mara moja zikiwa na habari za huduma ambazo marehemu alipata na mara nyingine bila habari hizo, usahihi ulishuka habari hizo zilipoondolewa. Sehemu kubwa ya habari hizo ilikuwa ndani ya simulizi: familia ikirudia kile ilichoambiwa hospitali, kwamba ni kansa, kwamba ni sukari. Yaani mashine ilionekana hodari pale ambapo daktari alikwisha kuwahi. Ukiipeleka mahali pasipo na daktari, ambako ndiko inakohitajika, uhodari huo unapungua. Kila ninaposoma kwamba modeli fulani imefikia usahihi wa kupendeza katika taarifa za afya, hili ndilo swali la kwanza ninaloliuliza: ilikuwa inasoma dalili, au ilikuwa inasoma jibu?

Simulizi za vifo zinazungumzia waliokwisha kwenda. Ujumbe mfupi wa simu unazungumzia walio hai na wenye haraka. Tanzania ilianza mapema kutumia meseji kwa wajawazito, kupitia kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyozinduliwa Novemba 2012, ambapo mama alijisajili kwa namba 15001 na kupokea ushauri kulingana na umri wa mimba. Hiyo ilikuwa zaidi njia ya kumfikishia mama maneno. Kenya, shirika la Jacaranda Health limejenga huduma ya PROMPTS, ambayo mama anaweza kuiuliza swali lolote bila malipo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa mchanganyiko wa mitaani. Kompyuta husoma swali, hupima uzito wake, na yale ya hatari huyapandisha juu ya foleni ili muuguzi aliye kwenye dawati ayashughulikie kwanza. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, modeli ya parameta bilioni 7 iliyojengwa juu ya Llama ya kampuni ya Meta na kuongezewa Kiswahili, na likaiacha wazi kwa wengine.

Huu ndio mfano ninaouona kuwa bora katika ukanda wetu, na sababu yake haihusu ukubwa wa modeli. Data yake ni maneno ya mama mwenyewe, kama alivyoyaandika kwa kidole chake, na anayeyafasiri ni mkunga anayemjua mama wa namna hiyo. Mjamzito wa Tanzania akiandika “chupa imepasuka”, modeli iliyolishwa magazeti na tovuti itafikiria vioo sakafuni. Mkunga anajua kwamba maji ya uzazi yametoka na saa imeanza kuhesabiwa. Mama wa mtoto wa miaka miwili akiandika “mtoto hachezi”, huenda mtoto ana homa na amepoa. Mwenye mimba ya miezi minane akiandika maneno hayo hayo, anasema mtoto aliye tumboni ameacha kusogea, na huyo anatakiwa hospitali leo hii. Maandishi ni yale yale, herufi kwa herufi. Tofauti iko katika habari nyingine ambayo mfumo lazima uwe nayo: huyu ni nani, na ana mimba ya miezi mingapi. Hakuna modeli ya lugha, iwe kubwa namna gani, itakayoipata habari hiyo ndani ya maneno mawili.

Na hapa ndipo namna ya kupima inapokuwa suala la uhai. Tuseme katika kila meseji 100 moja tu ni ya dharura. Mashine inayojibu “hakuna hatari” kila mara, bila kusoma chochote, itakuwa sahihi kwa asilimia 99. Wastani wa usahihi, tarakimu inayopendwa sana kwenye mawasilisho ya wafadhili, hauna maana katika kazi ya namna hii. Kinachotakiwa kuulizwa ni meseji ngapi za dharura zilipita bila kuonekana, na zilikuwa zimeandikwa vipi. Nina hakika zikichambuliwa itaonekana kwamba hazikutawanyika sawasawa. Zitalundikana kwa mama anayechanganya Kiswahili na Kigiriama au Kikamba, kwa aliyefupisha maneno kwa sababu ya uchovu, kwa msichana anayeona haya kukitaja kiungo kwa jina lake akatumia tafsida. Mashine hukosea zaidi kwa wale ambao hata watu huwasikiliza kidogo.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Mafaili yameandikwa kwa Kiingereza, modeli kubwa zinajua Kiingereza, basi tufanye kazi na kilichopo. Mwaka 2025 mtandao wa kliniki za Penda Health wa Nairobi, pamoja na kampuni ya OpenAI, ulitoa matokeo ya utafiti kuhusu msaidizi wa akili mnemba anayesoma maelezo ya tabibu wakati mgonjwa bado yuko chumbani, na kumtahadharisha anapoona kasoro. Yaliangaliwa mahudhurio 39,849 katika kliniki 15. Kwa matabibu waliokuwa na msaidizi huyo, makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 na makosa ya tiba kwa asilimia 13, ukilinganisha na wenzao. Hayo si mafanikio madogo, na familia iliyoepushwa na dawa isiyofaa haitauliza faili lilikuwa la lugha gani.

Lakini ukiangalia namna mfumo ule unavyofanya kazi, unaona mpaka wake. Unamkagua tabibu dhidi ya kile alichokiandika tabibu. Kama aliandika homa na kikohozi, mashine itamkumbusha kuhesabu pumzi. Mama akisema mtoto anashtukashtuka, tabibu asiandike, hakuna wa kumkumbusha, kwa sababu kwenye ulimwengu wa mashine jambo hilo halikutokea. Katika utafiti huo huo, hali za wagonjwa walipoulizwa baadaye hazikuonyesha tofauti ya wazi kitakwimu kati ya makundi mawili. Zipo sababu nyingi zinazoweza kueleza hilo, na wagonjwa wengi wa kliniki za aina hiyo hupona kwa vyovyote. Hata hivyo naona ni halali kuuliza ni kiasi gani cha ugonjwa kilikuwa kimeshaanguka kati ya kauli na maandishi.

Wengine wanasema dawa ni sauti: simu irekodi mazungumzo ya chumbani, kompyuta iyaandike. Naliona wazo hili kuwa zuri na hatari kwa wakati mmoja. Whisper, modeli ya OpenAI ya kuandika sauti inayotumika duniani kote, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kiswahili kilipata tone tu humo. Mwaka 2024 Allison Koenecke na wenzake walionyesha kwamba hata kwa Kiingereza takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima vilitoka na maneno ambayo hakuna aliyeyasema, mashine ikijaza yenyewe, hasa penye kimya kirefu. Na katika chumba cha tabibu kimya kirefu ni cha kawaida. Ni pale mgonjwa anapotafuta namna ya kulisema jambo zito. Mashine inayojaza kimya hicho kwa maneno yake haifai kuingia chumbani humo mpaka ipimwe kwa sauti za Kiswahili, na watu wanaokijua, kwa muda wa kutosha.

Halafu kuna siri. Nchi za Magharibi zimeunda programu za kufuta majina kwenye mafaili kabla mtafiti hajayaona, na zinafanya kazi kwa sababu majina mengi ya huko yanajitenga na maneno ya kawaida, tena huanza kwa herufi kubwa. Kwetu Neema ana homa na neema imeshuka. Shida anaumwa, na mwandishi wa meseji ana shida. Tatu ni msichana, na ni siku tatu za kuharisha. Kwenye simu hakuna anayejali herufi kubwa. Mtu mzima haitwi jina lake, anaitwa Mama Baraka, kwa hiyo mama anatambulika kwa jina la mtoto na mtoto anatambulika kwa maneno yanayomhusu mama. Mkusanyo wa MasakhaNER uliotolewa mwaka 2021 na jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika, Masakhane, ulifundisha mashine kutambua majina katika lugha 10, Kiswahili kikiwemo, na ni kazi ya kujivunia. Ila umetokana na habari za vyombo vya habari, ambamo mtu hutajwa kwa jina kamili na cheo. Kutoka hapo hadi meseji ya saa nane usiku ni mbali.

Hatari ya siri hizi kuvuja si jambo la kufikirika tu. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na VVU pamoja na walezi wao. Wanaharakati walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Tangu hapo Kenya imepata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika daraja la taarifa nyeti. Sheria zipo, na sasa zinahitaji vifaa vya Kiswahili vya kuzitekeleza. Mtafiti anayetaka kutoa mchango wa kudumu, badala ya kuunda modeli nyingine ya kubashiri malaria, angeunda programu inayoweza kumtenga Neema na neema. Simulizi za Ifakara, za Rufiji na za Pemba zingeweza basi kusomwa bila kumwanika mtu.

Kongo imetupa ushahidi kwamba maneno ya watu yanaweza kukusanywa kwa wingi hata katikati ya balaa. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali, hofu na tetesi walizozisikia, kisha maneno hayo yakapangwa kwa mada kwa mkono ili timu za afya zijue watu wanasema nini wiki hiyo. Huko watafiti wa Translators without Borders walikuta matangazo ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili sanifu, hayaeleweki vizuri kwa wenyeji wanaozungumza Kiswahili cha Kongo. Kwa hiyo modeli iliyofundishwa Dar es Salaam haitafaa Beni, mji wa Kivu Kaskazini, kwa kuwa tu imeandikwa “Kiswahili” kwenye boksi. Itabidi ipimwe huko, kwa maneno ya huko.

Jambo ninalolipendekeza ni dogo na linaweza kuanza bila mashine yoyote. Mifumo ya kielektroniki ya hospitali inaenea sasa hivi, na kila fomu mpya inapochorwa kuna mtu anayeamua iwe na sehemu zipi. Iwekwe sehemu moja, mwanzoni kabisa, ya sentensi moja au mbili za mgonjwa katika lugha aliyoisema, ndipo zifuate Kiingereza, vifupisho na namba za magonjwa. Tabibu mwenye wagonjwa 60 mlangoni hawezi kuongezewa mzigo huu peke yake. Muuguzi anayempima mgonjwa uzito na joto kabla hajaingia anaweza kuiandika, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeambiwa kwanza. Wakunga na wauguzi wanaoweka alama kwenye data hizi, wakiifundisha mashine ipi ni dharura na ipi si dharura, walipwe kama wataalamu na majina yao yawekwe kwenye machapisho, kwa kuwa bila wao hakuna mhandisi angejua kwamba chupa iliyopasuka si ya kioo. Na matokeo yanapotangazwa, zitolewe pia meseji ambazo mashine ilizikosa, zikiwa zimefutwa majina, ili mtafiti wa Mbeya au Bujumbura aanzie hapo badala ya kuanza upya na mafaili ya Boston.